Siku ya Kura Ipangwe na Nani?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka)



Kamati iliponiandikia barua iliniomba nizungumzie kazi ya uwakili. Nimeiomba radhi. Kazi hiyo wengi wenu mnaijua, na baadhi yenu mmeilipia ada huku mkinung'unika. Badala yake nimechagua jambo moja la sheria ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo mno hata halistahili ukumbi huu. Uchaguzi wa serikali za mitaa, yaani wa madiwani wa zamani na wa wawakilishi wa wadi wa siku hizi, ufanywe lini? Na ni nani mwenye haki ya kuisogeza siku hiyo?

Tumezoea kuzungumza juu ya kura zilizoibwa. Tunauliza sanduku lilipitia wapi, taa zilizimika saa ngapi, fomu ilitiwa sahihi na nani. Hayo ni maswali ya haki. Walakini iko njia nyingine ya kumnyima mtu kura yake isiyohitaji kugusa sanduku hata moja, nayo ni kuiacha siku ya kura isifike. Na hakuna uchaguzi unaoahirishwa kwa urahisi kama huu wa mitaa. Rais akipitisha muda wake hata kwa wiki moja, dunia nzima itasikia. Diwani akipitisha muda wake kwa miaka mitatu, atakayegundua ni mama auzaye mboga sokoni, aliyemwendea kulalamikia mtaro uliofurika akaona kwamba huyu bwana hana haja tena na kura yake.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka habari ya Nairobi. Mnamo Machi 1983 serikali ililiweka kando Baraza la Jiji lililochaguliwa na watu, ikateua Tume iendeshe mji mahali pake. Ilikuwa hatua ya muda tu, ya kusafisha mambo, kisha wananchi wachague upya. Muda ule ulipokwisha, uliongezwa. Ulipokwisha tena, ukaongezwa tena. Wabunge walichaguliwa mwaka 1983, wakachaguliwa tena mwaka 1988, na mkazi wa Nairobi alipiga kura ya mbunge wake bila ya kuwa na diwani wa kumchagua. Uchaguzi wa madiwani wa mji mkuu ulirudi mwishoni mwa Desemba 1992, siku ile ile ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya 1960. Mtoto aliyezaliwa Nairobi katika mwezi ule Tume ilipoteuliwa alikuwa amekwisha kuingia shule ya msingi na kupanda madarasa kadhaa kabla wazazi wake hawajaulizwa ni nani awazolee taka.

Nataka mlitazame jambo hili kwa jicho la sheria. Tume ile haikuwa genge la wavamizi. Serikali ilitumia sheria iliyokuwako, na Bunge ndilo lililokuwa likiongeza muda. Ndiyo sababu mtu wa kawaida hakuwa na pa kuanzia. Mahakamani huwezi kwenda na uchungu peke yake, lazima uwe na kifungu. Na hakikuwako kifungu cha Katiba kilichotaja siku ambayo diwani lazima asimame tena mbele ya watu. Mahali palipo wazi katika sheria, mwenye nguvu hupajaza apendavyo.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilipaziba mahali hapo. Kifungu cha 177 kinasema kwamba wajumbe wa bunge la kaunti watachaguliwa siku moja na Wabunge, nayo ni Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, katika kila mwaka wa tano. Kifungu cha 180 kinamfunga gavana kwa siku hiyo hiyo. Vijana, hesabu hii mnaiweza bila ya kikokotoo. Jumanne ya pili haiwezi kuja kabla ya tarehe 8 wala baada ya tarehe 14. Mwaka 2017 ilikuwa tarehe 8, mwaka 2022 tarehe 9, na mwaka 2027 ni tarehe 10. Zamani tulikuwa tukikaa tukingoja Rais avunje Bunge siku aipendayo, na siku hiyo ilikuwa silaha mfukoni mwake. Nafikiri kuiondoa silaha ile ni miongoni mwa mambo mema kabisa yaliyofanywa mwaka 2010, ingawa watu hulisahau kwa kuwa halina kishindo.

Basi ingetazamiwa ugomvi uishe. Wapi! Kabla wino haujakauka vizuri, nchi nzima ilikuwa ikibishana juu ya uchaguzi wa kwanza wenyewe. Wako waliosema: Katiba imetaja Agosti, mwaka wa tano tangu 2007 ni 2012, kwa hiyo tutapiga kura tarehe 14 Agosti 2012. Serikali ilileta mswada wa kubadili Katiba ili uchaguzi uhamie Desemba. Na wako walioelekeza kidole kwenye Jedwali la Sita, huko nyuma kabisa ya Katiba ambako wasomaji wengi hawafiki. Jedwali hilo ni la mambo ya mpito. Linasema kwamba uchaguzi wa kwanza wa Rais, Wabunge, Maseneta, mabunge ya kaunti na magavana utafanywa kwa pamoja, katika siku 60 baada ya Bunge lililokuwako kumaliza muda wake. Na Bunge lile lilikuwa limekutana kwa mara ya kwanza tarehe 15 Januari 2008.

Msidhani ulikuwa ubishi wa wanasheria tu. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilikuwa bado mbichi katika nyoyo za watu. Nchi yenye jeraha la namna ile, ukiiambia kwamba haijulikani itapiga kura lini, kila mtu huanza kupiga ramli yake. Tena zile kaunti 47 na wadi 1,450 zilikuwa hazijapata kiongozi hata mmoja. Madiwani wa mabaraza ya zamani, yaliyokuwa 175, walikuwa wakingoja kufungiwa mlango, na mlango haukujulikana utafungwa mwezi gani. Nani angeanzisha mradi wa maji katika hali kama hiyo?

Tume ya uchaguzi ya wakati ule ilikwenda kwanza Mahakama ya Juu kuomba ushauri. Mahakama hiyo inaweza kutoa ushauri juu ya jambo linalohusu serikali za kaunti, na hilo ndilo lililokuwa kombeo la kuingilia. Mwishoni mwa mwaka 2011 Mahakama ya Juu ilikataa kutoa ushauri, kwa sababu swali lile lile lilikuwa tayari mbele ya Mahakama Kuu. Huko walikaa majaji watatu, Isaac Lenaola, Mumbi Ngugi na David Majanja, na tarehe 13 Januari 2012 wakatoa hukumu. Walisema kwamba Jumanne ya pili ya Agosti ni kanuni ya chaguzi zitakazofuata, na kwamba wa kwanza unaongozwa na Jedwali la Sita. Kwa hiyo kura ingeweza kupigwa mwaka 2012 iwapo Rais na Waziri Mkuu wangeandikiana kuivunja serikali yao ya muungano. La sivyo, Bunge lingekwisha muda wake Januari 2013 na siku 60 zianze kuhesabiwa. Na wa kutangaza tarehe ni tume ya uchaguzi.

Wakubwa wale wawili hawakuandikiana. Tume ikatangaza tarehe 4 Machi 2013, ambayo ni siku 49 baada ya Bunge kukoma. Mahakama ya Rufani ikaikubali hukumu hiyo tarehe 31 Julai 2012, na siku ilipofika watu wakapiga foleni.

Hukumu ile haikupendwa. Nakumbuka abiria katika matatu wakisema kwamba majaji wamewapa Wabunge mishahara ya bure ya miezi saba. Uchungu wao niliuelewa, lakini nadhani majaji walisoma sawasawa. Jedwali liliandikwa makusudi kwa ajili ya uchaguzi wa kwanza, na huwezi kuliruka kwa sababu tu matokeo yake yanamfaidi mtu usiyempenda. Zaidi ya hayo, tazameni mahakama haikufanya nini. Haikuchagua siku iliyoiona inafaa. Ilisoma muda uliowekwa, ikaonyesha mipaka yake, ikamwachia mwenye kazi kazi yake.

Mbegu ya ugomvi wa pili ilipandwa siku hiyo hiyo ya Machi. Kifungu kile cha 177 kina maneno mengine chini yake: kwamba bunge la kaunti huchaguliwa kwa muda wa miaka mitano. Sasa hesabuni. Kutoka tarehe 4 Machi 2013 hadi Jumanne ya pili ya Agosti 2017 ni miaka minne na miezi mitano. Wawakilishi wa wadi wakaona wamepunjwa, wakaenda mahakamani wakidai miaka mitano kamili au walipwe fidia ya miezi iliyopotea. Ukisoma mstari wao peke yake, wana hoja. Lakini tarehe ya Agosti imeandikwa kwa ajili ya mpiga kura, na miaka mitano ni kipimo cha mwisho cha dhamana, si kandarasi ya ajira baina ya mwakilishi na nchi. Uchaguzi ulifanywa tarehe 8 Agosti 2017 kama ilivyoandikwa. Nawaachia wenyewe mpime kama kuna diwani yeyote aliyewahi kwenda mahakamani kulalamika kwamba amekaa muda mrefu mno.

Majirani zetu wa Uganda walipata kisa kigumu zaidi, nami nitakipitia kwa haraka. Halmashauri zao za vijiji, zile za ngazi ya kwanza na ya pili, zilichaguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya mfumo usiokuwa na vyama. Nchi iliporudi kwenye vyama vingi, Meja Rubaramira Ruranga alifungua kesi, na mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba kuzichagua halmashauri hizo kwa utaratibu ule wa zamani hakupatani tena na Katiba. Kisheria ulikuwa uamuzi wa kueleweka. Lakini uchaguzi ulioharamishwa haukufuatwa upesi na uchaguzi halali. Sheria ilikawia, fedha zikakosekana, na wenyeviti wa vijiji wakaendelea kugonga mihuri kwenye barua za wakazi na hati za kuuziana mashamba, hali muda wao umekwisha zamani. Wananchi walipanga mistari nyuma ya wagombea wao tarehe 10 Julai 2018. Na miaka mitano ilipotimia mwaka 2023, uchaguzi haukufanywa tena, wakaongezewa muda. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Nimekuja sasa kwenye kesi iliyonifanya nichague mada hii, nayo ni ya Afrika Kusini ya mwaka 2021. Hizo nilizozitaja zote zina harufu ya ujanja au uzembe wa watu. Hii ilikuwa na sababu njema, na sababu njema ndiyo mtihani wa kweli wa sheria.

Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 159, inasema muda wa baraza la manispaa hauzidi miaka mitano, na ukikwisha, uchaguzi lazima ufanywe katika siku 90. Mabaraza yalikuwa yamechaguliwa tarehe 3 Agosti 2016. Kwa hiyo siku ya mwisho kabisa ilikuwa Jumatatu, tarehe 1 Novemba 2021. Serikali ilipanga tarehe 27 Oktoba. Katikati ya mwaka likaja wimbi la tatu la korona, hospitali zikajaa, na wikendi ya Julai iliyokuwa imetengwa kuandikisha wapiga kura ikaahirishwa. Tume ya Uchaguzi ilimwomba Dikgang Moseneke, aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, achunguze kama uchaguzi huru na wa haki ungewezekana. Mzee Moseneke si mtu wa kubezwa: alifungwa Robben Island akiwa kijana wa miaka 15. Mnamo Julai alijibu kwamba haungewezekana, na akapendekeza usogezwe, lakini usipite mwisho wa Februari 2022.

Tume ikaenda moja kwa moja Mahakama ya Katiba kuomba ruhusa ya kuzivuka siku 90. Vyama viligawanyika. Chama cha EFF kilitaka usogezwe, chama cha DA kikapinga. Hebu jitieni mahali pa majaji. Mbele yenu iko ripoti ya mtu mwadilifu, iko tume isiyotuhumiwa kupendelea, kuna ugonjwa unaoua watu kila siku, na kinachoombwa ni miezi minne tu. Nani angekataa?

Mahakama ilikataa. Tarehe 3 Septemba 2021 ililitupilia mbali ombi hilo. Siku 90 zimo ndani ya Katiba, na anayetaka kuzirefusha ana njia yake, nayo ni kwenda Bungeni kutafuta theluthi mbili. Lakini haikuishia hapo, na sehemu hii naomba vijana muisikilize vizuri. Kwa sheria yao, Waziri akitangaza tarehe rasmi, daftari la wapiga kura hufungwa papo hapo. Waziri, Bi. Nkosazana Dlamini-Zuma, alikuwa ameitangaza tarehe 3 Agosti, kabla ya ile wikendi ya kuandikisha kufanyika. Maana yake kijana aliyekuwa ametimiza miaka 18 lakini hajajiandikisha alikuwa amefungiwa nje. Mahakama ilifuta tangazo lile, ikaiambia tume iangalie kama inaweza kuandikisha watu kwanza, na Waziri atangaze upya siku isiyopita tarehe 1 Novemba. Tume iliandikisha watu tarehe 18 na 19 Septemba. Uchaguzi ukafanywa siku ile ile ya mwisho, Jumatatu ya tarehe 1 Novemba.

Sitaki kuwapambia hadithi. Tume ilipofungua upya ratiba, ilifungua pia mlango wa kuandikisha wagombea, na hilo lilikiokoa chama tawala cha ANC, ambacho kilikuwa kimechelewa kupeleka majina katika manispaa kadhaa. DA ilirudi mahakamani kulalamika, ikashindwa. Kuna watu hadi leo wanaoamini kwamba mlango ulifunguliwa kwa ajili ya aliyechelewa. Na waliojitokeza kupiga kura hawakufika nusu ya waliojiandikisha. Wako watakaosema Mzee Moseneke alikuwa na haki, na kwamba Februari ingeleta watu wengi zaidi. Labda. Mimi nasimama na mahakama, kwa sababu ya Nairobi. Tume ya 1983 nayo iliteuliwa kwa sababu ambazo watu wengi waliziona ni njema, na mji ulikuwa kweli unanuka. Ukikubali sababu njema ya miezi minne, umekwisha kukubali kwamba siku inasogezeka. Kilichobaki ni kupatana bei.

Ndugu mmoja aliniuliza nje, kabla ya kikao, swali ambalo lazima nilijibu: je, siku ikipita bila uchaguzi, baraza lililopo linakufa, na maji, mishahara na leseni vyote vinasimama? Afrika Kusini waliliona mapema. Kifungu kile kile cha 159 kinasema baraza lililomaliza muda linaendelea na kazi hadi jipya litangazwe. Ni lazima iwe hivyo, kwa sababu mgonjwa wa zahanati hawezi kungoja hukumu. Lakini kuendelea huko kumewekwa kando ya zile siku 90, kama mlinzi wa usiku anayeshika funguo hadi mwenye nyumba aamke. Uganda funguo zilishikwa, na saa ya kuamka haikuwekwa.

Kwa nyinyi mlio Kidato cha Tatu na cha Nne, tarehe 10 Agosti 2027 imekwisha kuandikwa, na hakuna anayehitaji kuitangaza kama fadhila. Lakini daftari la wapiga kura hufungwa kabla ya siku hiyo, na ili uandikwe unahitaji kitambulisho, na kitambulisho mnajua wenyewe jinsi kinavyochelewa. Atakayetimiza miaka 18 aende kukiomba wiki hiyo hiyo, akichukua cheti chake cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi. Mwalimu Mkuu ameniahidi kwamba atakayeomba ruhusa kwa ajili hiyo hatanyimwa, nami nimelisema hapa hadharani ili asije akasahau.